Walioinama mvunguni

Haya ni maneno niliyoyasema kwenye mkutano wa walimu wastaafu hapa Morogoro. Kinasa sauti kilizimika katikati, kwa hiyo sehemu nyingine nimeziandika kwa kukumbuka.

Ndugu Mwenyekiti, itifaki imezingatiwa. Wakubwa zangu, shikamooni. Wadogo zangu, ambao humu ukumbini nawahesabu kama wanne tu, marahaba.

Barua ya mwaliko inanitaka nizungumzie mmomonyoko wa maadili kwa vijana wa leo. Mwenyekiti anisamehe. Mada hiyo nimeihutubia mstarini kila Jumatatu kwa miaka 36, jua likiwaka, watoto wakizimia, na sidhani kama nimebakiwa na jipya. Nilianza kuwaambia vijana kwamba wameharibika mwaka 1981, nilipopangiwa kituo changu cha kwanza wilayani Kilosa, nikiwa sina hata kitanda. Mmoja wa walioharibika wakati ule amekaa pale safu ya pili, amevaa baraghashia. Naye kastaafu ualimu, na juzi kanipigia simu kunilalamikia vijana.

Kwa hiyo leo nitawasifu. Sitawasifu wote. Nina kundi langu moja, la waliozaliwa kati ya mwaka 1981 na 1996. Wamarekani wanawaita kizazi cha milenia, kwa kuwa wakubwa wao walikuwa wanaingia utu uzima mwaka 2000 ulipofika. Sisi tuliwaita kizazi cha dotcom, na tulipowaita hivyo hatukuwa tunawapa sifa.

Naona kuna uso umekunjamana pale. Najua unawafikiria hawa wa TikTok. Hao siwasemi, hao zamu yao itakuja. Sera yetu ya vijana ya mwaka 2007 inasema kijana ni mtu wa miaka 15 hadi 35, na kwa kipimo hicho wengi wa ninaowasema wameshatoka ujanani bila sisi kuwaaga. Wana mvi. Ndio wakuu wa shule tulizoziacha, ndio madaktari wanaotupima presha na kutugombeza kuhusu chumvi, ndio wanaotutumia ya dawa kila mwisho wa mwezi na kuongeza ya kutolea. Na bado tunasema "hawa watoto."

Tukumbushane walizaliwa kwenye nini. Vita vya Kagera vilikwisha mwaka 1979, hazina ikabaki tupu. Wa kwanza kati yao walibebwa mgongoni kwenye foleni za sukari, wakaachishwa ziwa kwa uji wa ule unga wa njano tuliouita Yanga. Mwaka 1983 ukaja msako wa wahujumu uchumi, watu wakawa wanatupa sabuni na vitenge vichakani usiku wasije wakakutwa navyo. Mzee Mwinyi akaingia mwaka 1985, tukaambiwa ruksa, na mwaka uliofuata tukatia saini masharti ya IMF. Matokeo yake shuleni sisi walimu tunayajua vizuri: neno "uchangiaji", na mtoto kurudishwa nyumbani kufuata ada katikati ya kipindi cha Hisabati.

Halafu UKIMWI. Wagonjwa wa kwanza nchini waligundulika mkoani Kagera mwaka huohuo wa 1983, na kule wakauita Juliana, kwa jina la kitambaa kilichokuwa kinavuma. Ulipofika huku kwetu haukuwa na jina. Tulisema fulani "anaumwa muda mrefu." Mwaka 1994 nilikuwa na darasa la wanafunzi 42, na kwenye daftari la mahudhurio nilijiwekea alama yangu mwenyewe: kinukta cha penseli pembeni ya jina la mtoto aliyefiwa na mzazi mwaka ule. Mwezi Novemba nilihesabu vinukta 11. Sikumwonyesha mtu. Nilidhani kumwonyesha mtu ni kuvunja heshima ya marehemu.

Hapo ndipo penye jambo langu la leo. Sisi tulikuwa na kipaji cha kusukuma mambo mvunguni. Ugonjwa, mvunguni. Binti kuozwa, mvunguni. Mjane kunyang'anywa shamba, mvunguni. Hesabu za michango, mvunguni kabisa, kwenye mkoba wa ngozi. Tulilelewa hivyo, tukaona ndiyo adabu yenyewe. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Sisi tulilala juu ya kitanda hicho miaka na miaka tukijua kilichoko chini. Hawa wa dotcom ndio walioinama.

Nitawapa kisa cha darasani. Mwaka 2003, kidato cha tatu, kipindi cha Uraia. Nilikuwa nimeagizwa nifundishe kujikinga na UKIMWI. Nikaandika ubaoni: moja, kuacha ngono, mbili, uaminifu, tatu. Hapo kwenye tatu nikaweka nukta, nikageuka, nikaanza kupangusa chaki mikononi kana kwamba kengele imelia. Wanaume wenzangu mnaonicheka, nanyi mlifanya hivyohivyo.

Binti mmoja akasimama nyuma. Mdogo wa umbo, sketi imetiwa kiraka. Akasema, "Samahani, mwalimu. Namba tatu umeiacha wazi."

Nikamwambia wataijaza nyumbani.

"Nyumbani itajazwa na nani, mwalimu? Mimi naishi na bibi."

Darasa lilikuwa limeanza kucheka, likanyamaza. Nikaona baadhi wameinamisha vichwa, na nikajua bila kufungua daftari ni kina nani. Bibi, shangazi, kaka mkubwa. Hao ndio walikuwa nyumbani. Nikarudi ubaoni nikaandika neno lile kwa herufi ndogo mno hata safu ya mbele hawakulisoma vizuri. Sikumwadhibu yule binti, lakini nakiri nilifikiria kumwadhibu.

Wiki ileile nikamnyang'anya mvulana mmoja jarida lililokuwa likipitishwa chini ya madawati. Lilikuwa Fema, mnalikumbuka, lilikuwa linaletwa mashuleni bure na lilichakaa kwa kusomwa mpaka jalada linatoka. Nililichukua nyumbani kama ushahidi. Nikalisoma lote kwa taa ya chemli. Mle ndani watoto wa umri wa wanafunzi wangu walikuwa wanaulizana na kujibizana mambo ambayo mimi, baba wa watoto wanne, sikuwahi kuyatamka mbele ya mke wangu. Kesho yake nilimrudishia jarida lake. Nilimwambia tu asisome wakati wa kipindi changu.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2003 na 2004 ulikuta watu wazima wenye virusi ni asilimia 7. Ule wa mwaka 2022 na 2023 ulikuta asilimia 4.4. Mtu anaweza kusema ni dawa, na dawa zimefanya makubwa tangu zianze kutolewa bure mwaka 2004. Lakini fikirini kidogo. Dawa zinamfanya mgonjwa aishi, na anayeishi anahesabiwa. Kama hesabu inashuka huku wagonjwa hawafi kama zamani, maana yake wanaoambukizwa upya wamepungua. Serikali ilifanya kazi yake, wafadhili walitoa fedha, wauguzi walichoka. Ila kuna jambo halikuletwa na mfadhili. Nalo ni msichana kumwambia mchumba wake, "Twende Angaza kwanza," na mchumba akaenda. Vituo vile vya kupima virusi kwa hiari vilianza mwaka 2001. Katika ujana wangu, msichana aliyesema sentensi ile angeachwa siku hiyohiyo. Hawa walifanya kupima kuwa jambo la kawaida, kama kutangaza ndoa kanisani. Walikuwa wamezika wazazi, hawakuwa na muda wa kuona haya.

Sasa nataka mfuate uzi huu. Fema ilikuwa na kipindi cha televisheni, na kwa miaka kadhaa mmoja wa waliosikika humo akizungumza na vijana alikuwa binti aliyezaliwa Dodoma mwaka 1986, Rebeca Gyumi. Akasoma sheria, akaanzisha Msichana Initiative. Kisha akaishitaki Serikali.

Walimu wa Uraia, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 mnaikumbuka. Kwa wakati wake ilikuwa sheria ya maendeleo, nasi tuliifundisha hivyo: ilileta ndoa za kila dini na kila mila chini ya sheria moja. Lakini kifungu cha 13 kilisema mvulana aoe akiwa na miaka 18, na msichana aolewe akiwa na 15. Mahakama ikiona inafaa, hata 14. Na kifungu cha 17 kikasema ridhaa itatoka kwa baba, baba asipokuwepo mama, asipokuwepo mama basi mlezi. Kwa hiyo yule binti wa kiraka, anayeishi na bibi, bibi akipewa ng'ombe wawili, jambo limekwisha, na ni halali.

Niseme langu. Mara tatu katika kazi yangu nilikuwa na msichana ambaye hakurudi baada ya likizo. Nilijua aliko. Mmoja nilikula pilau la harusi yake. Kwenye daftari la mahudhurio niliandika "mtoro".

Mimi na ninyi tulikuwa watu wazima, tuna vyeti, tumeisoma sheria ile iliyokaa miaka 45, hatukwenda popote. Wakili kijana, ambaye sheria yenyewe ilikuwepo miaka 15 kabla hajazaliwa, ndiye aliyekwenda. Tarehe 8 Julai 2016, Mahakama Kuu ikasema vifungu hivyo vinakwenda kinyume na Katiba, ikampa Mwanasheria Mkuu mwaka mmoja virekebishwe viwe miaka 18 kwa wote. Serikali ikakata rufaa. Tarehe 23 Oktoba 2019, Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa ile. Katikati ya hapo, mwaka 2018, Umoja wa Mataifa ukampa tuzo yake ya haki za binadamu. Ule mwaka mmoja wa marekebisho ulipita zamani, na hilo ni jambo la kuwauliza wabunge wetu wakija kuomba kura. Mimi ninachokitazama ni namna alivyolifanya. Hakutukana mzee yeyote. Hakuchoma tairi. Aliandika maombi, akaambatanisha Katiba, akangoja zamu yake kwenye korido ya mahakama kama mtu mwingine yeyote mwenye shauri. Tuliokuwa tunasema hawana adabu, adabu gani zaidi ya hiyo tuliitaka?

Lakini mahakama ni mbali. Njooni nyumbani kwangu.

Ninyi Waluguru mnaotaja ukoo wa mama mtanicheka, ila sisi Rungwe ardhi ni ya wanaume. Kaka yangu alifariki mwaka 2014. Baada ya matanga wazee wa ukoo tulikaa chini ya mwembe, na tulikuwa tumeshapatana njiani: nyumba na migomba itashikwa na mdogo wetu, mjane atapewa chumba. Tunawaita watoto tu kuwapa taarifa. Mkubwa wao amezaliwa mwaka 1984, fundi umeme, mpole, hata kwenye harusi yake hakucheza. Akatusikiliza mpaka mwisho. Akasimama, akaweka mikono nyuma.

"Baba zangu wadogo, tunashukuru mmetusitiri kwenye msiba. Mama anabaki kwenye nyumba yake. Na shamba tumeligawa mafungu matano, dada zetu wamo. Tumeshakubaliana sisi watoto, tulikuwa tunaomba baraka zenu."

Kulikuwa na kuku anaparua majani, nakumbuka sauti yake, maana hapakuwa na sauti nyingine. Halafu mzee mmoja akafoka, wakafoka wawili, wakasema mtoto kalogwa na mji. Kijana hakujibu. Alibaki amesimama. Dada zake walikuwa wamekaa kwenye mkeka nyuma yake wakiangalia chini, na yule mdogo alikuwa ameshika pindo la suruali ya kaka yake kama mtoto, ingawa alikuwa na miaka 21.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema mwanamke ana haki ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi sawasawa na mwanamume. Niliifundisha hiyo. Nilishaitungia swali la mtihani, alama 10. Na siku ile chini ya mwembe, mwalimu wa Uraia nilikuwa upande wa mdogo wetu. Nilichofanya cha maana ni kukaa kimya wakati wenzangu wanafoka, na baadaye jioni nikamfuata mtoto wa pili wa kaka nikamwambia wafanye haraka kwenda kwa mtendaji wa kijiji kuandikisha. Shemeji yangu anaishi kwenye nyumba ile mpaka leo. Migomba imependeza kuliko alipokuwa hai kaka, Mungu anisamehe.

Jambo kama hili halimo kwenye takwimu, na gazeti haliwezi kuliandika. Lakini naamini limetokea kwenye familia nyingi za watu waliomo humu. Nawaona wanaotikisa kichwa.

Nipite haraka kwenye pesa za simu, kwa sababu kila anayewasifu vijana anaanzia hapo. Tusiwape sifa isiyo yao. M-Pesa ilianza Kenya mwezi Machi 2007, ikafika kwetu mwaka uliofuata, na walioibuni walikuwa watu wazima wa makampuni. Ila mtambo haumfundishi bibi kizee. Aliyemfundisha ni wakala. Nendeni Msamvu stendi, mtamkuta binti amekaa chini ya mwamvuli tangu alfajiri, ana daftari la mistari, kalamu imefungwa kwa uzi. Siku moja nilikuwa nyuma ya mzee ambaye hajui kusoma. Yule binti alimwelekeza kubonyeza nyota mia hamsini nyota sifuri sifuri, hatua kwa hatua, mara tatu, bila kuinua sauti. Walipofika kwenye namba ya siri, akageuza uso akaangalia mabasi mpaka mzee alipomaliza. Alikuwa na foleni ya watu saba wanaomsonya. Mimi nimefundisha miaka 36, na sikumbuki kama niliwahi kumvumilia mwanafunzi namna ile.

Mnakumbuka tulivyokuwa tunatuma pesa? Bahasha kwa konda. Au mtu anayekwenda kwetu. Mtu huyo alikuwa na kawaida ya kupata dharura njiani.

Kwenye Kiswahili nitajisema mwenyewe tena. Nilikuwa nachapa wanafunzi waliokutwa na mashairi ya Bongo Fleva kwenye daftari la Fasihi. Nikiwaambia lugha inaharibika. Leo kijana wa Tandale aliyezaliwa mwaka 1989, Diamond, anaimba Kiswahili kwenye majukwaa ya Ulaya, na anamiliki redio na televisheni. Sizipendi nyimbo zake zote, na nyingine nazima redio wajukuu wakiwepo. Lakini Mnaijeria anayeimba kiitikio cha Kiswahili hakukitoa kwangu.

Na mpira. Waliokuwepo mwaka 1980 tulipokwenda Lagos kwenye fainali za Afrika mnajua tulivyongoja. Miaka 39! Nilikuwa na miaka 23, nikaja kustaafu bado tunangoja. Tarehe 24 Machi 2019 wakawafunga Uganda tatu bila pale Dar es Salaam, nahodha wao Samatta wa mwaka 1992, Msuva wa 1993. Nililia mbele ya mke wangu, kwa mara ya pili katika ndoa yetu.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Dakika chache.

Wana kasoro zao, na mnazijua kwa sababu ndizo tunazozungumza kwenye vijiwe vyetu. Mwanangu wa pili alikuja na kompyuta akanionyesha hesabu za matikiti maji: ekari moja, miche kadhaa, kila mche matunda mawili, kila tunda Sh 2,000, ukitoa gharama wewe ni tajiri kabla ya Krismasi. Kompyuta haikuwa na safu ya inzi wa matunda. Nilimkopesha kiinua mgongo changu kidogo, na sitakitaja kiasi hapa kwa kuwa mama yake yupo. Wengine wamezama kwenye kubeti. Wengine wameingia mikopo ya kausha damu, wanakimbia nyumba zao. Na wengi mno wana digrii za ualimu, walisoma kwa mkopo wa Bodi, wanaendesha bodaboda wakingoja ajira. Hilo la mwisho mimi siliiti kasoro yao.

Mwanangu huyohuyo wa matikiti, mke wake alipokuwa mjamzito, aliomba ruhusa kazini kwenda naye kliniki. Kila mwezi. Anabeba kadi mwenyewe. Nilimuuliza anakwenda kufanya nini kule kwa wanawake, akanijibu, "Baba, nakwenda kusikia." Mimi nina watoto wanne, na wote nilipewa taarifa.

Namalizia na mke wake huyo, mkwe wangu, kwa sababu yeye ndiye chanzo cha hotuba hii.

Wote mnajua kwamba mfuko wetu wa kusaidiana kwenye misiba nimeushika mimi tangu nilipostaafu. Mlinichagua kwa kunyoosha mikono, mkasema mwalimu huyu ni mwaminifu, na tangu siku hiyo hakuna aliyewahi kuomba kuona daftari. Miezi michache iliyopita tuliamua hesabu ziingizwe kwenye grupu la WhatsApp, kila mtu aone. Mimi kwenye simu ni mzito, nikamwomba mkwe wangu anisaidie, maana yeye ni mhasibu. Akakaa sebuleni kwangu jioni nzima na daftari langu. Kisha akaja nilipokuwa nimekaa barazani, akapiga goti kidogo kama walivyofundishwa kwao.

"Baba, samahani, naomba kuuliza. Hapa Septemba kuna Sh 86,000 imetoka, sijaona imekwenda kwa nani. Labda mimi ndiye sikusoma vizuri."

Nilimwambia nitaangalia. Nikaingia ndani. Siku mbili sikumsemesha, nikawa najisemea moyoni, ndio hawa, hawana heshima, mkwe anamhesabia baba mkwe pesa. Mke wangu akaniuliza kulikoni, nikamwambia kichwa kinauma. Siku ya tatu usiku nikakumbuka, au niseme ukweli, nikakubali kukumbuka. Septemba ile mjukuu wangu alilazwa. Pesa zilikuwa mkononi, nikazichukua nikisema nitarudisha pensheni ikiingia. Pensheni iliingia. Sikurudisha, na hakuna aliyeuliza.

Yule binti angeweza kuniandikia tu kwamba zilikwenda kwa fulani, akafunga hesabu, tukaendelea kupendana. Wengi wetu hapa ndivyo tungefanya kwa baba mkwe. Aliacha nafasi ile wazi, akangoja. Nilipomwita nikamweleza, alisema, "Ahsante, Baba," akaenda kuandika, na chai yangu siku ile ililetwa na sukari mbili kama kawaida.

Mwenyekiti, daftari ni hili. Tangu mwanzo lilikuwa mvunguni mwa kitanda changu, ndani ya mkoba, wala sisemi kwa mafumbo. Bahasha hii ina Sh 86,000, naomba zihesabiwe mbele ya watu. Hesabu zote ziko kwenye grupu tangu saa mbili asubuhi leo, ukurasa wa Septemba nimeuweka juu. Nafasi ya mweka hazina iko wazi.

Kuna mwenye swali? Naam, mwalimu wangu wa baraghashia, naona umenyoosha mkono.